Mluzi wa Kinamasini

Mama alipiga simu kabla sijavua mabuti.

"Ameshaingia?"

"Bado, Mama. Zamu yake ni saa nane."

"Na sasa hivi saa ngapi?"

"Si una saa hapo ukutani?"

"Ya ukutani imesimama. Mjomba wako yuko hapa sebuleni tangu asubuhi, hata koti hajavua. Anasema leo anataka jibu, liwe jema liwe baya. Na wewe uko wapi? Usiniambie bado umevaa hayo mabuti yako ya tope."

"Nimetoka kinamasini sasa hivi."

"Siku kama ya leo!"

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma za kituo cha utafiti, tope limenishika mpaka magotini, namsikiliza mama yangu akinieleza mambo ambayo mimi mwenyewe ndiye niliyemweleza. Kwamba huu ni ufadhili wa wanasayansi wachanga. Kwamba anayeupata analipwa miaka mitatu bila wasiwasi, anapewa chumba chake cha kazi, na akimaliza kituo kinamwajiri moja kwa moja. Kwamba mtu aliyepata udaktari zamani mno haruhusiwi kuomba, na kwa mchumba wangu mlango huo unafungwa mwaka huu.

"Mchanga," Mama akaguna. "Mchanga gani huyo ana mvi?"

"Ni uchanga wa kazi, Mama. Si wa umri."

"Haya. Mimi nakwambia tu anavyosema mjomba wako. Anasema mtu wa mikataba ya miezi sita sita ni mpangaji, si mume."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Wala sitaki mumwone mama yangu mbaya, maana si mbaya. Nilipohitimu aliwatangazia majirani wote kwamba binti yake sasa ni daktari, wakaanza kuja na magoti yao na vikohozi vyao, na kila mmoja nilimweleza kwamba mimi ni daktari wa vyura. Mama hakuona haya hata kidogo. Alisema goti ni goti.

Lakini posa ya mchumba wangu ilipofika nyumbani, wazee waliipokea kwa mkono mmoja. Walisema kijana ana adabu, ukoo wake haujulikani kwa ubaya, ila apate kwanza kazi ya kudumu. Tangu siku hiyo tunasubiri. Mkataba unaisha, mwingine unaanza, barua zinakuja zikisema wamefurahishwa sana na ombi lake na hapo hapo wanasikitika. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Sisi tumevumilia mpaka mbivu zimeanza kuoza mtini.

Nilipanda ngazi nikamfuata.

Pale kituoni wote tunamwita Mahesabu. Nilimkuta kwenye chumba cha kompyuta, peke yake, amevaa suti nyeusi iliyompwaya mabegani. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta mtupu akiuhutubia.

"Waheshimiwa wanajopo," aliuambia ukuta, "kwa muda mrefu iliaminika kwamba chura huyu ametoweka..." Akaniona, akanyamaza.

"Endelea," nilisema. "Ukuta unakusikiliza vizuri."

Alicheka kidogo. Zamani alikuwa akicheka mpaka mabega yanatikisika. Siku hizi anacheka mdomoni tu, macho yanabaki palepale, mekundu, ya mtu aliyelala kitini mwezi mzima. Nilimsogelea nikamrekebishia tai, maana alikuwa ameifunga kama kamba ya mbuzi, naye akasimama kimya huku akiniangalia kwa namna ambayo bado, baada ya miaka yote hii, hunifanya nisahau vidole vyangu vinafanya nini.

"Una tope shavuni," alisema.

"Na wewe una mvi mpya."

"Hii ya kushoto? Hii ni ya leo asubuhi."

Akanifuta shavu kwa kidole gumba. Tulibaki hivyo. Nilitamani kuegemea kifua chake nilale pale pale, wima, kama punda.

"Mama kapiga simu," nilisema.

"Najua. Hata mimi kanipigia. Kaniuliza kama nimekula."

"Umekula?"

"Nimemwambia nimekula."

Acha niwaeleze kazi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa kilichofuata. Kinamasi ni changu, mashine ni yake. Mimi nafunga vinasa sauti kwenye miti pale kinamasini, vinasikiliza usiku na mchana, na kila baada ya siku kadhaa naingia na mabuti yangu kubadilisha betri na kuchukua kadi. Yeye ameandika programu inayosikiliza saa zote zile ambazo hakuna sikio la binadamu lingezimaliza, ikasema hapa kuna kunguru, hapa kuna mvua, hapa kuna chura fulani. Wakubwa wetu hupenda kuiita elimu ya viumbe kwa hesabu. Sisi tunaiita kazi.

Chura tuliyekuwa tukimtafuta ni mdogo kama ukucha wa kidole gumba, na halii kama vyura wengine. Anapiga mluzi, mmoja, mrefu, unaopanda mwishoni kana kwamba anauliza swali. Kwenye kinamasi chetu hakuwa amesikika tangu sisi tuko shuleni. Watu walishamwandika kuwa ametoweka. Kisha, miezi michache iliyopita, programu ya Mahesabu ikasema: amerudi. Mara moja, mara tatu, mara nyingi. Alikuja mbio mpaka getini kuniambia, akanibeba juu mbele ya mlinzi. Ombi lake lote la ufadhili alilijenga juu ya chura yule: amerudi, sasa tujue kwa nini, na tumlinde.

"Wacha nisikie basi," nilisema.

"Usikie nini?"

"Sauti utakayowapigia wanajopo. Mimi nimeona michoro yake tu kwenye karatasi zako. Sijawahi kumsikia huyu mheshimiwa mwenyewe."

"Hakuna haja. Spika zenyewe mbovu."

"Ndiyo tuzijaribu sasa, usije ukaaibika mbele za watu."

"Nimesema hakuna haja."

Hakuwa na kawaida ya kunijibu hivyo. Nilimtazama, naye akageukia dirishani, akajifanya anatafuta kitu nje. Kompyuta ilikuwa wazi mezani. Nilibonyeza.

Mluzi ukatoka. Mmoja, mrefu, ukapanda mwishoni. Ulikuwa mzuri, kweli ulikuwa mzuri, na nikaanza kutabasamu. Halafu nikasikia, mwisho kabisa, kijipumzi kidogo cha hewa kikipita penye uwazi.

Ulimi wangu ukaenda wenyewe kwenye mwanya wa meno yangu ya mbele.

Nikabonyeza tena. Na tena.

Nilijifunza mluzi wa chura yule nikiwa mwanafunzi, kwenye kanda za zamani. Ndivyo tunavyofanya kazi: unasimama kwenye maji, unapiga mluzi, na kama yupo dume karibu atakujibu kwa wivu. Na kuna kanuni. Kabla ya kupiga mluzi unakisemesha kinasa sauti, unasema "mimi hapa", ili programu ikisikia maneno hayo iitupe dakika nzima inayofuata. Sijawahi kuisahau kanuni hiyo nikiwa namwita chura. Lakini mluzi ule una kazi nyingine pia. Ndio niliokuwa nikimpigia Mahesabu chini ya dirisha la chumba hiki hiki, enzi tunaanzana, ili ashuke bila wenzake kujua. Shangazi yangu alinigombeza sana, akasema mwanamke hapigi mluzi, anaita nyoka. Mimi nilikuwa naita mtu wa kompyuta. Na nikiwa nimechoka, natembea peke yangu kwenye maji, namfikiria, unanitoka tu. Nani anasema "mimi hapa" kabla ya kumfikiria mchumba wake?

"Huyu ni mimi," nilisema.

Hakugeuka.

"Mahesabu. Huyu si chura. Huyu ni mimi."

"Sauti zinafanana. Ni chura mmoja, mluzi mmoja, kwa hiyo..."

"Mabuti yangu yako wapi?"

Hapo akageuka.

"Ninapotembea kwenye maji yale, mabuti yananyonya tope, yanasikika mpaka barabarani," nilisema. "Hakuna siku nimepita kwenye kinasa sauti kimya kimya. Hapa mluzi unaisha, halafu kimya. Hakuna buti hata moja. Umeyakata."

Alivuta kiti akakaa. Hakukana. Nilitamani akane, ili nipate kumkasirikia vizuri.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu waliponiita kwenye usaili. Kabla ya hapo hata mimi nilikuwa natazama michoro tu. Ombi nililipeleka nikiamini, naapa. Kisha nikasema nichague sauti moja nzuri ya kuwasikilizisha." Alijifuta uso kwa viganja viwili. "Sikufika hata katikati. Ningekosaje kukujua? Ningekujua katikati ya vyura elfu."

"Na zile nyingine?"

"Wewe. Zote ni wewe. Nilizisikiliza moja moja, nikiomba apatikane hata chura mmoja wa kunisitiri. Hakuna. Ni wewe tu, na mabuti yako."

Siku nyingine yoyote maneno hayo yangeniyeyusha. Mwanamume amekaa siku nzima anasikiliza mluzi wangu peke yangu! Lakini siku hiyo yalinichoma.

"Na ukakata."

"Nikakata."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza kwa nini!" Sauti yake ilipanda kidogo, kisha ikachoka, ikashuka. "Mjomba wako yuko sebuleni kwenu na koti lake. Mwakani sitaruhusiwa kuomba. Nimeomba kila mahali panapoombwa. Nimechoka kuitwa mchanga huku watoto wa dada yangu wameanza kunipita urefu. Nimechoka kukuaga getini kila jioni kama mwizi. Nilisema, wanipe kwanza, tuoane, halafu mwaka wa kwanza nitaandika kwamba chura ametoweka tena. Vyura hutoweka. Nani angejeruhiwa?"

"Mimi."

"Mimi nimefanya kwa ajili yako."

"Ndiyo maana. Ningekuwa mimi ninayeingia kwenye maji yale miaka mitatu, namtafuta chura ambaye ni mimi. Wewe ungekaa hapa unaniangalia kutoka dirishani naondoka na betri zangu, unajua hakuna kitu kule. Jioni narudi na tope, nakwambia leo sijamsikia, wewe unaniambia pole. Ungeweza?"

Alianza kukunja na kukunjua ncha ya tai yake.

"Njia ya mwongo ni fupi," nilisema, na machozi yakaanza kunilenga, jambo linaloniudhi sana nikiwa na hasira. "Lakini hata ingekuwa ndefu. Mjomba akikukubali leo, atakuwa amemkubali mtu ambaye mimi simjui."

"Kwa hiyo niende nikawaambie nini? Kwamba samahani, nimewapotezea muda?"

"Mimi sikwambii cha kusema. Sitasimama mlangoni nikusute. Ombi ni lako, mdomo ni wako."

"Na sisi?"

Aliuliza polepole, akiniangalia kutoka pale chini kitini, na macho yale mekundu yalikuwa yananiomba nimwonee huruma. Nilimwonea. Huo ndio ulikuwa ubaya wenyewe. Nilimpenda pale pale, kwenye suti ile ya kuazima, nikimjua alichofanya, na nikaona kwamba nikisema neno moja la upole tu ataingia mle ndani na sauti ile iliyokatwa, nami nitanyamaza, na tutaoana.

"Sijui," nilisema. "Nimechoka mno kujua."

Nikatoka.

Nje ya chumba cha mikutano kulikuwa na benchi, na kwenye benchi msichana mmoja aliyekuwa akikariri karatasi zake huku midomo ikicheza. Viatu vyake vilikuwa vipya, bado vinambana. Alikuwa mchanga kweli kweli, yule. Alipoona mabuti yangu akasogea kunipisha.

"Shikamoo," alisema.

Nikahisi mifupa yangu yote ikizeeka. "Marahaba. Unafanya utafiti wa nini?"

"Nyuki. Wanavyochagua njia. Na wewe, dada, ni mwombaji?"

"Hapana. Mimi ni wa vyura."

Aliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

Mahesabu alikuja na kompyuta kwapani. Alipita mbele yangu bila kunitazama, karibu kiasi kwamba suti yake iligusa goti langu ikaondoka na tope. Mlango ukafungwa. Ulikuwa mlango wa mbao nyembamba, wa zile zinazosikilizisha kila kitu, na mimi sikuziba masikio.

Nilisikia salamu. Nikasikia kiti. Nikamsikia akianza vilevile alivyouhutubia ukuta: kwa muda mrefu iliaminika kwamba chura huyu ametoweka. Sauti yake ilikuwa imara. Mama mmoja, nadhani mwenyekiti wa jopo, akauliza programu imejifunza kutoka wapi, naye akajibu vizuri sana. Akajibu na la pili. Msichana wa nyuki aliacha kukariri.

"Huyu ni hodari," aliniambia kwa kunong'ona.

"Ni hodari," nilisema. Nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

"Tunaweza kumsikia?" mwenyekiti aliuliza. "Huyu chura mwenyewe?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Nikasikia akibonyeza. Kisha mluzi. Mmoja, mrefu, ukapanda mwishoni. Mtu mmoja mle ndani akasema, "Maajabu."

Nilifumba macho. Basi, nilijiambia. Ameshachagua. Nikaanza kufikiria nitamwambia nini Mama, na maneno hayakuja.

Kisha nikasikia mabuti.

Choko, choko, choko. Mabuti yangu, yananyonya tope, yanakuja karibu na kinasa sauti, yanasimama. Nikajisikia mwenyewe nikikohoa. Nikajisikia nikisema, kwa sauti ya mtu anayejisemesha, "Haya, betri, twende." Na mabuti yakaondoka zao.



"Huyu mliyemsikia si chura," Mahesabu alisema. "Ni mchumba wangu. Alikuwa anabadilisha betri. Programu yangu ilidhani ni chura, na ombi langu lote nililijenga juu ya kosa hilo bila kujua. Nilipojua niliyakata hayo mabuti, ili ninyi msijue. Nilikuwa nimekuja hapa kuwadanganya. Nimeshindwa. Chura hajarudi. Naomba radhi."

Msichana wa nyuki alinitazama usoni, akanitazama mabuti, akaziba mdomo.

Sikumbuki walimwambia nini zaidi. Hayakuchukua muda. Alipotoka alikuwa ameshalegeza tai, na suti ilimpwaya zaidi, kana kwamba alipungua mle ndani. Akakaa kando yangu benchini. Msichana aliitwa, akaingia akichechemea kwa viatu vyake.

"Wamesemaje?" niliuliza.

"Ombi limefutwa. Mwenyekiti amenipa mkono. Amesema amewahi kufadhili vyura wengi wasiokuwepo, ila hajawahi kuambiwa." Akafuta tope lililobaki kwenye suti. "Halafu akaniuliza kama unajua kwamba unapiga mluzi vizuri kuliko chura."

Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, nikamwegemea. Begani mwake palikuwa na harufu ya kabati la mtu mwingine. Aliniwekea kidevu kichwani, tukakaa hivyo, wazee wawili wachanga, mbele ya watu waliokuwa wakipita na mafaili yao.

"Sina kazi," alisema. "Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi huu, na baada ya haya sidhani kama watauongeza. Nimeharibu kila kitu."

"Karibu kila kitu."

Simu ikalia. Tulitazamana. Niliipokea nikaiweka katikati yetu.

"Enhe!" alisema Mama. "Amepata?"

"Hakupata, Mama."

"Hakupata mpaka lini?"

"Hakupata kabisa. Na mwakani haruhusiwi tena."

Mama akavuta pumzi. Nyuma yake nilimsikia Mjomba akiuliza, "Anasemaje? Anasemaje?" na kiti kikilalamika.

"Mjomba wako anauliza, sasa inakuwaje?"

Nilimtazama Mahesabu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasubiri hukumu kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa mara moja siku hiyo na hana nguvu ya kujitetea mara ya pili. Nikautafuta mkono wake nikaushika.

"Mwambie avue koti, Mama. Akae vizuri. Tunakuja wote wawili."

"Wote wawili? Kufanya nini?"

"Kumwambia kwamba naolewa na mpangaji."

Mahesabu aliubana mkono wangu. Nilimsikia Mama akiondoka pale alipokuwa, mlango ukafungwa, sauti ya Mjomba ikabaki upande wa pili.

"Yupo hapo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Yupo. Anakusikia."

"Wewe mwanangu," Mama alimwambia, na hakuwahi kumwita hivyo kabla. "Uliniambia umekula. Hukula."

"Sikula, Mama," alisema Mahesabu.

"Nilijua. Huwezi kusema uongo hata wa chakula." Akakohoa, akarudia sauti yake ya siku zote. "Njooni, basi. Mjomba niachieni mimi. Na huyo mwenzio mwambie avulie mabuti nje, sitaki tope sebuleni kwangu."